Mwaka Ambao Fundi Njuguna Alishika Maikrofoni

Wanja, wewe na wenzako mlikuja hapa na simu zenu mkaniuliza, "Shosh, top ten yako ya mwaka ni gani? Vitabu na movie. Tutaweka kwa page yetu." Nikawaambia nitafikiria. Sasa nimefikiria. Kumi sina. Nina vitabu viwili na picha mbili, na moja ya hizo picha hamtaipata popote jinsi ninavyoijua mimi, hata mkiitafuta kwa hiyo mitandao yenu mpaka bando iishe.

Tena msinicheke nikisema picha. Nyinyi mnasema movie, sawa. Sisi tuliopata ugali wetu kwa kazi hiyo tulisema picha, na siku ikitangazwa kwamba leo kuna picha, hata ng'ombe walikamuliwa mapema.

Mnanijua kama mama mzee wa Free Area anayekaa nje ya mlango akichambua mboga na kuwafokea mkipita na pikipiki. Hamjui kwamba nilikuwa sauti. Kulikuwa na gari la sinema lililotoka hapa Nakuru, likapanda mpaka Olenguruone, likashuka mpaka Ndabibi, likionyesha picha sokoni na kwenye viwanja vya shule, na katikati ya picha tangazo la sabuni na la majani ya chai. Picha zenyewe zilisema Kiingereza, au Kihindi, au lugha ambayo pale kiwanjani hakuna aliyewahi kuisikia. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya kitambaa cheupe na maikrofoni, nikiwaambia watu kwa Kiswahili kinachoendelea.

Fundi Njuguna alikuwa nyuma na mashine. Yeye ndiye alifunga kitambaa, akawasha jenereta, akatia mkanda na kuuunga ukikatika. Na kuongea, hakuongea. Ukimuuliza, "Njuguna, tuko tayari?" anainua kidole gumba. Giza limeingia, yuko nyuma ya watu soko zima, hicho kidole nakionaje? Miaka yote tuliyotembea pamoja nadhani nilimsikia akisema maneno ambayo nyinyi mnayamaliza asubuhi moja mkingoja chapati.

Kazi niliipata kwa sababu ya kelele. Nilikuwa msichana nauza mandazi soko la Olenguruone, na baridi ya Mau ilikuwa imemnyang'anya msimulizi wa gari, Mzee Barasa, sauti yake yote. Alifungua mdomo ikatoka hewa. Akanisikia nikiita wateja, akaja pole pole, akaninong'oneza, "Msichana, unaweza kusema unachokiona?"

"Kwani kuna mtu hawezi?"

Akacheka, cheko lenyewe halina sauti. Kumbe wengi hawawezi. Jioni hiyo nilishika maikrofoni na sikuirudisha tena, na mandazi yangu yakaliwa na Njuguna bila kuomba ruhusa.

Sema unachokiona: hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Mzee Barasa, na alinifundisha mpaka siku alipoacha kazi. Usiwaambie watu kwamba mama ana huzuni. Waambie ameshika kikombe na hanywi. "Watu wa Olenguruone wana akili," alikuwa akisema, "huzuni wataiona wenyewe." Usimtambulishe mtu kwa kofia yake, kwa sababu ataivua na utapotea. Usiwatangulie watu kwa kinachokuja. Na usiongeze kitu. Ukiongeza mara moja, siku nyingine hata ukisema mvua inanyesha kwenye kitambaa watatafuta wenyewe kama kweli inanyesha.

Tena alinifundisha kusikiliza muziki. "Muziki unajua kabla ya picha, Tabitha. Ukisikia fidla inalia peke yake, kuna mtu anakufa au ameshakufa. Teremsha sauti." Nililipima hilo neno miaka yote, picha ziwe za Wazungu, za Wahindi au za Wachina wanaorushana mateke, na halikuwahi kuniangusha.

Mambo ya kubusiana je? Mmeshaanza kutabasamu, nawajua. Mbele pale wamekaa wazee wa kanisa, nyuma wake zao wote, na kwenye kitambaa mwanamume anamkaribia mwanamke. Mzee Barasa alikuwa na dawa yake. Alisema kwa sauti ya ibada, "Ndugu zangu, mgeukie jirani yako umsalimie, umwambie umefurahi kumwona." Soko zima linageuka, watu wanashikana mikono, wanaulizana habari ya mahindi, na wakirudisha macho mbele, wale wawili wameshamaliza. Mimi niliitumia hiyo mpaka mwisho. Kuna bwana mmoja Ndabibi alimsalimia jirani namna hiyo na wakaoana. Sisemi uongo, walinialika harusini.

Ndabibi ndiko tulikosea lile kosa kubwa. Upepo ulikuwa umeangusha magurudumu ya mkanda kutoka garini, na Njuguna alipoyaokota kwenye vumbi akayapanga vibaya. Gurudumu la mwisho likawa la katikati. Mimi sijui. Nasimulia, namzika bwana mmoja mzuri, mjane analia, kina mama wa Ndabibi nao wanalia, nateremsha sauti vile inavyotakiwa. Gurudumu linabadilishwa, na huyu hapa marehemu anaingia na suti nyeupe, anaoa!

Watu wakanigeukia mimi. Si Njuguna, mimi! Ningeweza kusema ni ndugu yake wa kuzaliwa naye. Ningeweza kusema ni ndoto. Nikaona uso wa Mzee Barasa kichwani, nikasema, "Jamani, huyu tumemzika sasa hivi, mmeona kwa macho yenu, na mimi nimeshangaa kuliko nyinyi." Halafu kutoka nyuma, kwa mara ya kwanza na ya pekee katika historia ya lile gari, ikasikika sauti ya Njuguna.

"Nimegeuza."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tuliwarudishia picha yote upya kwa mpango wake, na hakuna aliyeondoka. Kutoka siku hiyo, kila tulipofika Ndabibi watu walituuliza, "Leo mmegeuza?" na walituamini kwa lolote. Njuguna hasemi, lakini akisema, ni kweli tupu. Kumbukeni hilo, nitalihitaji mbele.

Gari lilikufa, mnajua mambo yanavyoenda. Zikaja kanda za video, tukafungua kibanda cha video hapa mjini, mimi na Njuguna, mimi mbele na yeye nyuma. Kanda zikaondoka zikaja CD, CD zikaondoka ikaja flash, na flash ikakuta kila mtu ana simu mfukoni na hana haja ya mama wa kumwambia kinachoendelea. Tukafunga, bila ugomvi. Njuguna alipata kazi ya kutunza nyumba ya watu kule Milimani, nyumba yenye vitabu ukutani kutoka sakafu mpaka dari, wenyewe wanaishi ng'ambo. Mimi nikakaa na mboga zangu.

Jambo moja hatukuliacha. Tangu siku za gari, Disemba ikifika, tulikaa tukachagua Picha ya Mwaka. Mzee Barasa ndiye alianzisha. Kila mtu anamiminiwa kikombe cha chai ya moto, na lazima aitetee picha yake kabla chai haijapoa. Chai ikipoa bado unaelezea, umeshindwa, maana picha nzuri haihitaji maneno mengi hivyo. Njuguna alikuwa anashindwa kila mwaka. Alikaa akiangalia kikombe mpaka utandu ukafanyika juu.

Sasa mwaka wenyewe mnaouliza.

Mwaka ulipoanza nilikuwa sioni. Mwanga naona, mtu akipita naona kivuli, basi. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na operesheni yake ni ndogo, naingia na kutoka siku hiyo hiyo. Nikasema asante, nitarudi. Sikurudi. Majirani walidhani naogopa kisu. Hata wewe, Wanja, ulinibembeleza na maembe.

Si kisu. Mnamjua mwanangu Musa kwa jina tu. Alienda Uarabuni kuendesha lori. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, nikimsikia anatafuna, namuuliza unakula nini, tunacheka. Halafu ikawa mara moja moja. Halafu namba yake ikawa inapokewa na yule mama wa kampuni ya simu anayesema mteja hapatikani. Huyo mama namjua sasa kuliko dada zangu. Na mimi nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba macho yangu yatafunguliwa Musa akirudi, yeye ndiye anipeleke, na bandeji ikitoka awe mtu wa kwanza kumwona. Nikisema operesheni ifanywe sasa, ni kama nimesema harudi. Ndivyo nilivyofikiri, na hakuna aliyejua isipokuwa Njuguna, kwa sababu yeye ukimwambia kitu kimefika mwisho wa safari.

Jumamosi moja mchana mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Kimya. Nikajua ni Njuguna.

Akakaa. Nikasikia karatasi. Akakohoa, akaanza kusoma kitabu. Hakusema amekuja kusoma, hakusema kitabu kinaitwaje. Na wanangu, Njuguna alisoma kila kilichoandikwa, pamoja na namba za kurasa! "Mwanamke akamtazama mumewe, akamwambia kwamba, ukurasa wa kumi na mbili, hatarudi." Nikamwambia, "Njuguna, hiyo namba iache." Akasema, "Imeandikwa." Ilinichukua wiki kadhaa kumtoa kwa hizo namba, na mpaka leo akichoka zinamponyoka.

Hicho ndicho kitabu changu cha kwanza cha mwaka. Sisi tunakiita kitabu cha geti, maana picha na vitabu tumezoea kuviita kwa kitu kilichomo. Kuna mwanamume anatengeneza geti la nyumba yake, sura nzima, bawaba na misumari na kutu, na mke anamtazama kutoka dirishani. Hakuna kingine kinachotokea. Lakini ikifika mwisho wa sura unaijua ndoa yao yote, nani alimkosea nani, na kwamba huyo mwanamume anatengeneza geti ili asiingie ndani. Mwandishi hajasema! Amesema misumari tu. Nilikaa pale gizani nikasema, ngai, Mzee Barasa angempa huyu maikrofoni.

Cha pili ni cha dereva mmoja aliyeandika safari zake kwenda mpakani na kurudi. Kitabu chembamba, Kiswahili chake kimekunja mikono ya shati. Kila anaposimama anakwambia alikula nini na nani alipika, na kwa hicho chakula unajua mahali pana amani au pana shida. Alipofika kwa mayai na vitunguu Njuguna alinyamaza. Nikasema, endelea. Akasema, "Ngoja." Nikasikia sufuria. Tulikula mayai kwanza ndiyo tukaendelea na safari. Kitabu kinachomtoa fundi kwenye kiti chake akapike, hicho mimi nakiheshimu.

Halafu tukaingia kwa picha. Wewe ndiye ulileta flash, Wanja, ukachomeka kwa runinga ukaenda zako. Picha ya kwanza ilitoka nchi ya baridi huko, mzee na mkewe, nyumba inavuja, ndoo iko katikati ya chumba. Na hakuna anayeongea. Nikasema, haya Njuguna, mimi sioni. Ni wewe.

Ukimya wa huyo mwanamume siku hiyo ungeweza kuukata na kisu cha mkate. Mwishowe akasema, "Mtu ameingia."

Nikangoja.

"Ametoka."

"Nani?"

"Yule."

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikamfundisha, mimi na macho yangu yaliyokufa, vile Mzee Barasa alinifundisha mimi. Simama upande wa kushoto wa picha. Usiniangalie mimi, angalia kitambaa. Wape watu majina. Sema unachokiona. Tukairudia picha ya ndoo wiki baada ya wiki, na siku moja, katikati, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Ndoo imejaa. Wote wameiona. Kila mmoja anangoja mwenzake asimame." Nyinyi, nywele zilinisimama. Nilikuwa nimefanya hiyo kazi maisha yangu yote na sikuwahi kusema maneno matatu yaliyopangwa vizuri hivyo. Kumbe miaka yote nyuma ya mashine alikuwa anasikiliza. Alikuwa anazijua picha kuliko mimi, na mimi ndiye nilipigiwa makofi.

Ile ya pili ndiyo ninayotaka kuwaambia.

Tunaiita picha ya koti. Watu wa milimani, lugha yao haijulikani, maneno ya Kiingereza yanapita chini na Njuguna ananigeuzia. Kuna mama ana kijana aliyeenda mbali kutafuta kazi. Kila mwaka jua likitoka huyo mama analitoa koti la kijana kwenye sanduku, analianika, analipiga vumbi, analirudisha. Anazeeka. Majirani wanamwambia, toa hilo koti, wape watu wavae. Anawaambia mwenyewe anakuja. Nilianza kusikia vibaya mapema kabisa. Njuguna naye alianza kusikia vibaya, kwa sababu alikuwa anakohoa kila koti likitoka. Angejua mbele ilivyo hangeichomeka, lakini ilikuwa imeshaanza, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzima picha katikati ya kazi.

Tukafika mwisho. Hatua za mtu barabarani, nazisikia kwenye kokoto. Njuguna akasema, "Kijana amerudi. Yuko njiani, ana begi." Na hapo fidla ikaanza. Moja. Peke yake.

Nikateremsha kichwa. Nilijua.

Nilisikia mlango ukilia kwenye picha, na baada ya mlango sikusikia sauti ya mama, wala kelele za watu kufurahi, fidla tu. Halafu Njuguna akasema, "Mama amefungua mlango. Anamtazama. Ameenda kwa sanduku, amelitoa koti. Anamvalisha." Akavuta pumzi. "Koti limekuwa dogo. Mikono imetokeza."

Mikono imetokeza! Wanangu, mtu ambaye hajawahi kuongeza neno maishani, aliyesoma namba za kurasa kwa sababu zimeandikwa, aliyesema nimegeuza Ndabibi nzima ikimsikia, alinitungia mwisho wa picha papo hapo, na akautunga kwa ufundi kiasi kwamba niliviona vifundo vya mikono ya kijana vikining'inia nje ya mikono ya koti. Nikasema, "Asante, Njuguna. Ni picha nzuri." Akasema, "Ndiyo." Akaenda nyumbani bila kumaliza chai.

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya Musa. Nilikuwa namfikiria Njuguna. Nilijiuliza, Tabitha, umekuwa mtu wa namna gani, mpaka mwanamume mkweli kuliko wote Nakuru anaona lazima akudanganye ndiyo ulale? Umefunga macho ukingoja, na sasa wote wanaokupenda wanatembea kwa vidole nyumbani mwako. Jumatatu nikampigia. Nikamwambia, "Nipeleke hospitali." Akauliza, "Na Musa?" Nikasema, "Musa akija atanikuta naona."

Bandeji ilipotoka, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Njuguna. Amekaa mbele yangu, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Umezeeka wewe!" nikamwambia.

"Na wewe," akasema.

Disemba ikafika. Chai ikamiminwa hapa hapa, na wewe Wanja ulikuwepo. Nilisema Picha ya Mwaka ni picha ya koti, nikaitetea kabla chai haijapoa, nikaisimulia mpaka mwisho, na mikono ikatokeza. Njuguna alikuwa anaangalia sakafu. Na wewe, maskini, kwa moyo mzuri, ukaruka: "Shosh, si sasa unaona! Tuiwatch yote, ujionee na macho yako!"

Ulishangaa Njuguna alivyoanza kuongea. Alisema stima itapotea. Alisema hiyo flash ina virusi. Alisema daktari amekataza skrini, kisha akasema runinga yenyewe ina harufu ya kuungua na yeye kama fundi hawezi kuiruhusu. Ukamuuliza, "Guka leo umeamkia wapi?" Na mimi nikasema, iweke.

Nikaiona. Ni picha nzuri kweli, milima ile na yule mama mikono yake. Lile koti nilikuwa nimelifikiria jeusi, kumbe ni kahawia. Njuguna alikuwa amekaa nyuma yangu na simsikii hata kupumua. Kijana akatokea barabarani na begi. Kokoto. Fidla ikaanza.

"Zima hapo," nikasema.

Ulilia, Wanja. "Shosh, aki! Imebaki kidogo tu, ndiyo tamu inaanza!"

"Zima. Mwisho naujua."

Ulizima, ukaenda umenuna, na kesho yake ukaniuliza tena, kwa nini shosh anazima picha yake mwenyewe ya mwaka. Sasa nimekujibu. Ukitaka kuiona mpaka mwisho, ione, wewe ni kijana na waliotengeneza wamefanya kazi yao vizuri. Na mkiwaeleza watu picha kwa hizo simu zenu, semeni mnachokiona, msiongeze hata neno. Njuguna aliongeza mara moja kwa maisha yake yote, na kwanza alikuwa mkweli siku nyingine zote. Musa bado hajapiga. Namba yake naipiga kila Jumapili, na nguo zake ziko kabatini, nimezianika juzi, kwa macho yangu.

Lakini hukubaki, hukuona kilichofuata. Runinga ilikuwa nyeusi. Njuguna aliitazama chai yake, ina utandu, akasema, "Ile fidla ndiyo ilinishinda."

"Niliisikia," nikamwambia.

"Siku ile?"

"Siku ile."

Akaigeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena. Nikamwambia, "Njuguna, hebu rudia pale pa mlango."

Akasimama. Akaenda upande wa kushoto wa runinga, pale pale Mzee Barasa alipotuweka, na hakuniangalia mimi, aliangalia kioo kitupu. Mimi nikafumba macho yangu mapya.

"Mlango umefunguka, Mama Musa," akasema. "Koti limekuwa dogo. Mikono imetokeza."